Kwa nini viwanja vidogo vya skii vina watu wakarimu kuliko vile vikubwa?

#1 Mpanda_Kamba

Habari zenu wakuu.

Hoja yangu ni moja na nataka mnipinge kwa ushahidi. Kule New Zealand, ukitoka Christchurch kwa barabara namba 73 kuelekea Arthur's Pass, milima ya Craigieburn ina viwanja kadhaa vya skii ambavyo si vya kampuni bali vya klabu: Craigieburn Valley, Broken River, Mount Cheeseman, na Mount Olympus iliyo upande wa nyuma wa safu hiyo hiyo. Ukisonga mbele unakuta Temple Basin. Hakuna hoteli kubwa, hakuna safu ya maduka. Wanachama ndio wenye mlima. Siku ya katikati ya wiki unateremka bonde zima ukikutana na watu wa kuhesabika, na karibu kila unayemkuta anasimama, anakusalimia, anakuuliza theluji ya upande ulikotoka ikoje. Kwenye viwanja vikubwa nimekaa kiti kimoja na mtu kuanzia chini hadi juu bila hata "habari".

Nasema hivi: ukarimu ule unaletwa na kamba, ile inayokuvuta kupanda mlima badala ya lifti ya viti. Lifti ya viti inakubeba umekaa, haikudai kitu. Kamba inadai ujuzi, na asiye nao hana budi kufundishwa na aliye jirani. Mgeni akianguka pale chini, mtu asiyemjua anatoka kwenye foleni kumwinua na kumwonyesha. Kabla hujateremka hata mara moja, tayari kuna mtu unamshukuru. Vile vikubwa vimeondoa hitaji hilo, na urafiki umeondoka nalo.

Karibuni.

#2 Zuhura_K

Uzi mtamu. Kwa sisi tuliozoea viti, hiyo kamba ikoje? Unaishikilia kwa mikono mpaka kileleni?

#3 FundiLifti

@Zuhura_K hapana, mikono ingekufa kabla ya nusu ya njia. Ni kamba moja ndefu iliyounganishwa ncha kwa ncha, inazungushwa na injini bila kusimama, na njiani inapita kwenye roda zilizofungwa juu ya nguzo fupi. Wewe unavaa mkanda mpana kiunoni, na kwenye mkanda kuna kipande cha kamba chenye kibanio cha chuma, wenyewe wanakiita natikraka.

Unasogea sambamba na kamba, skii zote mbili zikielekea juu. Mkono mmoja unaishika kamba taratibu. Usiikamate ghafla, iache kwanza iteleze kiganjani, halafu ubane kidogo kidogo mpaka uende kwa kasi yake. Ukishaanza kwenda, mkono wa pili unakirusha kibanio juu ya kamba, unakifunga, unashikilia mpini. Kuanzia hapo uzito wako uko kiunoni. Ukifika kwenye roda, kibanio kinaruka juu yake kwa kishindo cha "tatata", na hapo ndipo wageni wengi wanaachia kwa woga. Macho mbele, mpini umeshikwa, vidole mbali na kamba.

Glavu za kawaida hazifui dafu, kamba inazila. Unavaa juu yake mfuko wa ngozi nene. Na hili nalisema kwa herufi kubwa: HAKUNA SKAFU, HAKUNA NYWELE NDEFU ZINAZONING'INIA, HAKUNA MIKANDA YA BEGI INAYOPEPEA. Vyote viingie ndani ya koti kabla hujaisogelea kamba.

#4 Zuhura_K

Asante mkuu, umeeleza vizuri. Hiyo "tatata" ndiyo imenitisha.

#5 mama_wa_Cheeseman

Nampinga mleta mada. Mount Cheeseman wanatumia lifti za T, ile fito yenye kipande cha kukingamana mnachoegemea wawili wawili. Kibanio hakuna. Na watu wa pale ni wale wale wenye kukukaribisha chai hata kama hujawahi kuonana nao. Kama kamba ndiyo chanzo, Cheeseman inaelezwaje?

Mimi naona chanzo ni vyombo. Ndiyo, sahani na sufuria. Kwenye malazi ya klabu ukilala, unapewa zamu: huyu anafagia, yule anaosha vyombo, mwingine anabeba kuni. Daktari wa upasuaji na kijana anayefanya kazi gereji wanasugua sufuria moja. Majira ya joto wanachama wanapanda tena mlimani kwa kazi za kujitolea: kupaka rangi, kuziba paa, kurekebisha barabara, kukagua nguzo. Mtu aliyetoa jasho lake Januari akikuona mgeni Agosti, anakupokea kama mwenye nyumba. Mfanyakazi wa kampuni kubwa anaweza kuwa mwema sana, lakini nyumba si yake.

#6 Bonde_Jeupe

Sahihisho dogo kwa #1. "Wanachama ndio wenye mlima" si sawa. Ardhi ni ya umma. Temple Basin iko ndani kabisa ya hifadhi ya taifa ya Arthur's Pass, na Broken River iko kwenye msitu wa hifadhi wa Craigieburn. Klabu zina kibali cha kuendesha shughuli. Mali yao ni majengo, kamba na injini. Naona tofauti hii ina uzito, maana anayejua yupo kwenye ardhi ya wote hawezi kumwangalia mgeni kama mvamizi.

#7 Mpanda_Kamba

@Bonde_Jeupe sawa, nimeipokea. @mama_wa_Cheeseman hoja ya vyombo ina nguvu, ila wageni wa siku moja hawaoshi chochote na bado wanapokelewa vizuri. Hao unawaelezaje?

#8 mama_wa_Cheeseman

Wanapokelewa na walioosha.

#9 Kijana_Mteremko

Hahaha mleta mada umefungwa goli la mapema sana 😂

#10 FundiLifti

Ngoja nilete hesabu, maana mnaongea mambo ya moyo tu.

Lifti ya kisasa ya viti vya watu sita, ile inayojichomoa kwenye waya kituoni, inaweza kupandisha watu karibu 3,000 kwa saa. Lifti ya zamani ya viti viwili ni kama 1,200. Sasa chukulia mteremko wa kushuka kwa dakika sita. Watu 3,000 kwa saa maana yake wakati wowote kuna watu 300 wanateremka juu ya theluji ile ile. Ukiweka kamba inayopandisha watu 400 kwa saa, unabaki na 40. Mteremko huo huo!

Mtu mwenye watu 300 kumzunguka kazi yake ni kukwepa. Anatazama nyuma, anatazama pembeni, mwili umekaza. Mwenye watu 40 ana nafasi ya kusimama katikati ya mteremko bila kuogopa kugongwa, na aliyesimama ndiye anayeweza kuzungumza. Ndiyo maana nasema msongamano wa skii hauletwi na idadi ya watu kwenye maegesho peke yake, unaletwa na nguvu ya lifti. Kiwanja kikiongeza kasi ya lifti ili kupunguza foleni, foleni inahamia kwenye mteremko. Ukarimu ni matokeo ya nafasi. Kamba ni kwa bahati tu.

#11 Bonde_Jeupe

Hii ya foleni kuhamia kwenye mteremko sijawahi kuiona ikielezwa hivi. Heshima mkuu.

#12 Mzee_wa_Minyororo

Vijana, mmesahau barabara.

Barabara za kupandia viwanja vile ni za changarawe, nyembamba, zina kona kali, na sehemu nyingi hakuna kingo. Asubuhi ya barafu unafunga minyororo ya matairi umepiga magoti kwenye tope. Temple Basin ndiyo kabisa, hakuna barabara ya gari kufika juu. Mizigo na skii vinapandishwa na winchi ya mizigo, wewe unatembea kwa miguu yapata saa nzima. Broken River wana tramu ndogo inayopita katikati ya msitu kutoka kwenye maegesho.

Nimekuta watu wakisaidiana minyororo kabla hawajajuana majina. Mtu akikwama, wote mmekwama, kwa sababu njia ni moja. Mkifika juu tayari ni ndugu. Kiwanja chenye barabara ya lami hadi mlangoni kila mtu anafika na gari lake, na hamsini zake.

Nyongeza kwa wanaosafiri: watu wengi wanadhani Arthur's Pass ndiyo sehemu ya juu kabisa ya barabara ile. Si kweli. Porters Pass, mnayoivuka mapema mkitoka Christchurch, iko juu zaidi kwa mita kama 20. Minyororo iwe karibu kuanzia hapo.

#13 Kijana_Mteremko

Mzee jina lako na mchango wako vimeendana, nimefurahi 😂

Ila umesahau hali ya hewa. Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma kule unakuja na joto na mvua, kamba zinasimamishwa, wote mnajazana kwenye kibanda kimoja. Ule wa kusini ndio unaoleta theluji. Kati ya pepo hizo mbili mnakaa ndani mkicheza karata na kusubiri. Urafiki wangu wote wa milimani ulianzia siku ambazo hatukucheza skii.

#14 Neema_Theluji

Naomba nitoe ushuhuda wa upande mwingine, maana naona mnasifu tu.

Kuna kiwanja kidogo, sikitaji, nilifika peke yangu nikiwa bado mwanafunzi wa mchezo huu. Kila mtu alimjua mwenzake kasoro mimi. Wakati wa chakula cha mchana meza zote zilikuwa na vikundi vyao, maongezi yao ni ya miaka mingi, majina ya miteremko wanayataja kwa vifupisho vyao. Hakuna aliyenikosea adabu. Hakuna aliyeniona pia. Pale kwenye kamba nilihangaika, wakanipita mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata nilikwenda kiwanja kikubwa chenye shule ya skii, mwalimu akanijua kwa jina, nikapata wenzangu wa kiwango changu, na hadi leo tunawasiliana.

Kwa hiyo udogo hautoshi. Udogo unaweza kuwa mlango wazi na unaweza kuwa ukuta. Ningependa mtu anieleze tofauti inatoka wapi.

#15 mama_wa_Cheeseman

Pole sana mdogo wangu. Hilo lipo na klabu zenyewe zinalijua. Penye zamu ya vyombo inayomhusisha hata mgeni, ukuta huo hauinuki. Mgeni akipewa kazi anapata cha kufanya na mikono na mtu wa kuzungumza naye. Akiachwa akae tu, ndipo anageuka mtazamaji.

#16 FundiLifti

@Neema_Theluji umeugusa udhaifu wa hesabu yangu. Nafasi inatoa fursa ya kusimama, haimlazimishi mtu asimame. Hapo nakubali kuna kitu cha ziada, ila sidhani kama ni sahani.

#17 Jua_la_Maluti

Nikitoka kidogo New Zealand: Afriski, Lesotho, kwenye milima ya Maluti. Iko juu ya mita 3,000, mteremko mkuu una urefu wa kama kilomita moja, na kwa sababu majira ya baridi kule ni makavu, theluji nyingi inatengenezwa kwa mashine usiku. Wale ni biashara, hawana zamu ya vyombo, hawana kibanio. Na bado ni mahali ambapo watu wanapigiana makofi.

Maelezo yangu ni kwamba pale karibu kila mtu ni mwanafunzi. Wengi ni mara ya kwanza kugusa theluji. Hakuna wa kumwonea mwenzake haya. Anayeanguka anashangiliwa, anayesimama anashangiliwa zaidi. Viwanja vikubwa vya kaskazini vina ngazi: huyu bingwa, huyu wa kati, huyu wa chini kabisa. Ngazi ndiyo inayofunga midomo.

#18 Bonde_Jeupe

Lakini Craigieburn wengi ni mabingwa. Mteremko mkali, haulainishwi na mashine, na hakuna sehemu ya kujifunzia ya maana. Na mleta mada anasema ndiko kwenye ukarimu. Kwa hiyo "wote wanafunzi" haielezi pande zote.

#19 Jua_la_Maluti

Wote wanafunzi au wote mabingwa, vyote viwili ni usawa. Tatizo ni mchanganyiko.

#20 Kijana_Mteremko

Tukiongelea ukarimu wa theluji hatuwezi kumwacha Philip Boit. Mkenya, Olimpiki ya Nagano 1998, yule wa kuteremka slalom. Alimaliza wa mwisho, na bingwa akamsubiri.

#21 Mzee_wa_Minyororo

Si slalom kijana. Boit alikuwa wa skii za masafa, kilomita 10, mbio za kusukuma kwa miguu na mikono kwenye njia ndefu. Bjørn Dæhlie wa Norwei alishinda dhahabu, akakaa pale kwenye mstari wa mwisho mpaka Boit afike, akamkumbatia. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mkenya wa miteremko unayemtafuta ni Sabrina Simader, Pyeongchang 2018.

Na hilo linawapinga wote humu. Olimpiki ndicho kiwanja kikubwa kuliko vyote, hakuna kamba wala vyombo wala tope la minyororo, na bado mtu alisimama kwenye baridi kumsubiri mwenzake.

#22 Zuhura_K

Nimesisimka. Hiyo sikuijua.

#23 Mpanda_Kamba

Mzee, hilo ni tendo la mtu mmoja mwenye moyo mkubwa. Mimi natafuta kinachowafanya watu wa kawaida, siku ya kawaida, wawe hivyo.

Turudi kwenye kamba. Kuna historia inayonipa nguvu. Kamba ya kwanza Marekani ilifungwa Woodstock, Vermont, mwaka 1934, ikizungushwa na injini ya gari la Ford Model T. Miaka miwili baadaye Sun Valley, Idaho, ikaja lifti ya viti, kazi ya James Curran, mhandisi wa reli ya Union Pacific, aliyechukua wazo kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Ona chimbuko la kila moja. Kamba ilitoka kwa watu waliotaka kupanda mlima wao wakatumia injini iliyokuwepo. Viti vilitoka kwenye kusafirisha mzigo. Nikikaa kwenye kiti na mtu asiyesema neno, nakumbuka ndizi zile.

#24 FundiLifti

Historia yako ni sahihi, hitimisho silikubali. Lifti ya T unayoikwepa ilitoka kwa mhandisi pia, Ernst Constam, Davos, miaka ya 1930, na mama_wa_Cheeseman ameshakueleza watu wake walivyo.

Ongezea hili: Mad River Glen, huko huko Vermont. Wana lifti ya kiti cha mtu mmoja mmoja, ilianza miaka ya 1940 na walipoijenga upya mwaka 2007 waliamua ibaki ya mtu mmoja. Unapanda peke yako kabisa, huna hata wa kunyamaza naye. Tangu 1995 kiwanja ni cha ushirika wa wanaskii wenyewe. Nilipofika sikuona watu wapweke hata kidogo, chini pale ni maongezi mwanzo mwisho. Na kwa kuwa inapandisha wachache, theluji inadumu haijachubuliwa. Nafasi tena.

#25 mama_wa_Cheeseman

Ushirika tena, FundiLifti. Umeandika mwenyewe.

#26 Neema_Theluji

Mad River Glen wanawakataza kabisa watu wa snoubodi, ule ubao mmoja unaoteremkia miguu yote miwili ikiwa juu yake. Mimi ni wa snoubodi. Kwa hiyo ukarimu wao umenipitia kando, wakuu. Nauliza tena swali langu la #14, ni nani anaamua nani ni mgeni na nani si mgeni?

#27 Bonde_Jeupe

Swali zito, na sijaona aliyelijibu humu.

#28 Kijana_Mteremko

Wakati tunalifikiria, mjue kea hawabagui. Wale kasuku wa milimani wa kijani wanamkaribia kila mtu na kumuibia kila mtu. Nimeona mmoja akichomoa mpira wa waipa ya gari huku mwenye gari anafunga buti mita mbili tu kutoka hapo. Akamaliza wa kwanza, akahamia wa pili.

#29 Mzee_wa_Minyororo

Glavu usiweke juu ya theluji hata dakika moja. Na usiwape chakula, wanazoea na wanadhurika.

#30 Zuhura_K

Wakuu, mmenishawishi. Nina safari ya Agosti. Nianzie wapi, nikijua viti tu na miteremko iliyolainishwa?

#31 mama_wa_Cheeseman

Cheeseman, dada yangu. Lifti ya T utaizoea asubuhi moja, na mashine inalainisha njia.

#32 Mpanda_Kamba

Broken River. Mkanda na kibanio utavipata pale pale, na kuna kamba ya chini ya kujifunzia. Ukishindwa, jirani yako atakufundisha. Hapo utakuwa umeingia kwenye hoja yangu na utaturudishia majibu.

#33 FundiLifti

Popote utakapokwenda, kodisha skii na buti Christchurch kabla ya kupanda, si kila klabu ina vifaa vya kutosha. Buti zikubane kisigino, vidole viweze kucheza. Chagua miteremko inayotazama kusini, kule ndiko theluji inakotunzwa.

#34 Kijana_Mteremko

Si kaskazini mkuu?

#35 FundiLifti

Hiyo ni Ulaya na Amerika. Kusini mwa dunia jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli kiko kusini.

#36 Neema_Theluji

@Zuhura_K kama unakwenda Agosti peke yako, niandikie ujumbe wa faragha. Nami nafikiria kuijaribu hiyo kamba, na kwa snoubodi nasikia mkao wake ni tofauti kabisa. FundiLifti, mguu upi unakwenda mbele?

#37 FundiLifti

Ule ule unaotangulia ukiteremka. Tatizo ni upande kamba ilipo: kama inapita mgongoni kwako, utapinda kiuno hadi juu. Waulize kwanza kamba iko kushoto au kulia, halafu nitakueleza namna ya kukishika kibanio.